Mikono Mitatu, Begi Moja

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Imekataa kupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo, ya moto.

Asubuhi ile Meneja wa soko alipoteremka ngazi kuja kumwambia Mkwe kwamba meza anayofanyia kazi si yake, na mwisho wa wiki aihame, mimi nilikuwa nimebana kiatu cha askari magereza katikati ya magoti na misumari imenijaa mdomoni. Kwa hiyo sikusema kitu. Mpaka leo watu wa ujia wetu wanaitaja ile kama siku ya maajabu, siku Pingamizi alipokaa kimya. Pingamizi ndiye mimi. Jina nilipewa hapa hapa sokoni na sikulipinga. Ni moja ya mambo machache niliyowahi kuyaacha yapite.

Ujia wetu uko nyuma ya soko, kati ya mabucha na vyoo. Hakiuzwi kitu kipya pale. Kila kinachoingia kimekatika, kimechanika au kimekwama: viatu kwangu, funguo na kufuli kwa Baba Funguo anayekaa mkabala nami, na mabegi ya kila namna kwenye meza ya Mama Zipu. Meza hiyo iko mwisho kabisa, chini ya dirisha pekee tulilo nalo. Ndiyo yenye mwanga, na ndiyo iliyoleta balaa.

Mama Zipu alikuwa anafumba macho, anavuta zipu taratibu karibu na sikio lake, kisha anakuambia jino lililolegea liko wapi. Mwanawe wa pekee alikulia chini ya meza hiyo. Alipokuwa mchanga alilazwa ndani ya sanduku la safari ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, kifuniko kimeegemezwa ukutani kisimwangukie. Zipu zikamsomesha. Akakua, akawa dalali wa nyumba na vyumba vya biashara, akaanza kupita ujiani kwetu amepandisha suruali isiguse maji ya mabucha. Tunamwita Dalali, na yeye analipenda jina hilo.

Dalali alioa. Mkewe alikuja siku moja kumletea mama mkwe chakula cha mchana, akamkuta anahangaika kutunga uzi kwenye sindano, akamtungia. Kesho yake akatunga tena. Wiki hazikuwa nyingi, tukamwona ameshika koleo. Mama Zipu alikuwa akimwita Mkwe, nasi tukamwita hivyo hivyo, kana kwamba ni mkwe wa ujia mzima. Baba Funguo alifikia hatua ya kumgombeza kwa kutokula vizuri.

Kisha Dalali akamwacha mkewe. Sababu zake alizieleza kwa yeyote aliyekuwa na masikio: hakuna mtoto, na mapenzi yamekwisha. Mkwe alikuja kuaga, macho yamevimba. Mama Zipu hakuinua hata uso kwenye kazi. Alimwambia kwamba aliyemwacha ni mwanawe, yeye hajamwacha, na kesho awahi kwa sababu kuna masanduku ya watu wanaosafiri. Jioni hiyo hiyo walibeba godoro la Mkwe mpaka kwenye chumba cha Mama Zipu. Wambea wa mtaa walipata kazi. Mmoja alimuuliza Mama Zipu mbele yetu, huyu sasa ni nani wako? Akajibu ni mkwe wangu. Mkwe wako kwa mtoto yupi, na mwanao kashamwacha? Mama Zipu akamwangalia kama anavyoangalia zipu ya bei rahisi. "Kwani mkwe alikuwa wa mwanangu?" akasema. "Yeye alikuwa na mke. Mkwe ni wangu mimi."

Sasa niwaeleze tunavyokabidhiana kazi, maana kesi yote imesimama hapo. Ujiani kwetu fundi akichoka hasemi nakupa meza yangu. Maneno hayo yangetuchekesha. Anachofanya ni kuhama kiti cha fundi na kwenda kukaa kwenye kigoda cha mteja, na yule atakayeendelea na kazi anakaa kiti cha fundi. Mteja akija haweki begi mezani. Anampa mkongwe. Mkongwe analipapasa mpaka apate penye ubovu, anaweka kidole gumba pale, halafu analisogeza kwa fundi mpya, na haliachii mpaka fundi mpya naye aweke kidole chake papo hapo, huku mwenye begi bado ameshika mkanda. Kwa kitambo kidogo mikono ya watu watatu iko kwenye kitu kimoja. Halafu mkongwe anaachia, na mwenye begi anaachia. Begi moja limekabidhiwa. Yanafuata mengine, kwa miezi, mpaka wateja wenyewe waanze, bila kuambiwa, kumpa fundi mpya mkononi moja kwa moja. Siku hiyo meza imehama, na hakuna anayetangaza.

Mama Zipu alihamia kigoda. Tuliona sote. Wateja wengi walikuwa wameshaanza kumpa Mkwe moja kwa moja kiharusi kilipomwangusha Mama Zipu, akiwa chumbani anachemsha maji. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umekufa na maneno yamekwisha. Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa. Mkwe akawa anamwogesha asubuhi, anamkalisha kwenye dirisha la chumba chao, anakuja kazini, mchana anakimbia kumlisha, anarudi. Dalali alipita mara moja na machungwa.

Baada ya machungwa ndipo akaja na mtu wa simu. Mtu huyo alitaka mahali penye mwanga pa kutengeneza simu, na Dalali akamwonyesha meza ya mama yake kama anayeonyesha chumba kitupu. Mkwe alipouliza, akajibiwa aende kwa Meneja.

Sheria ya soko ni fupi. Meza iliyoachwa hurudi ofisini, na ofisi huwafikiria kwanza ndugu wa damu. Meza iliyotolewa kwa mtu hubaki kwa huyo mtu. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: Mama Zipu aliiacha meza, au aliitoa? Ukitujua, utasema hilo si swali. Lakini Meneja alikuwa na namna yake ya kutafuta ukweli. Alisema atatuita juu ofisini mmoja mmoja.

Niliposikia mmoja mmoja, vinyweleo vilinisimama. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kiwanda cha ngozi, na tuligoma kwa sababu ya dawa iliyokuwa ikitula mikono. Tulisimama uani watu wa zamu nzima, na nakwambia tulikuwa kitu cha kutisha. Mwenye kiwanda hakuleta polisi. Alileta kiti, akakaa ofisini, akaanza kutuita mmoja mmoja. Mimi na wewe, alikuwa anamuuliza kila mtu kwa upole, tuna ugomvi gani? Na kweli, kati yake na mtu mmoja mmoja ugomvi haukuonekana. Huyu hajawahi kutukanwa. Yule aliwahi kusaidiwa gari la kumpeleka mama yake hospitali. Kila aliyetoka alirudi kwenye pipa lake la kulowekea ngozi, na kabla jua halijafika utosini mgomo ulikuwa umekwisha bila hata mtu mmoja kuusaliti. Uligawanywa tu wawili wawili, mwenye kiwanda na mtu, mwenye kiwanda na mtu, na ukiugawanya hivyo mgomo hauukuti popote, kama vile unavyoweza kupekua kila uzi wa shati usiukute mkono wake. Mimi nilikataa kuingia peke yangu, nikafukuzwa kazi. Hilo ninalikumbuka mpaka rangi ya mlango.

Basi na kwa Meneja nikakataa. Nikasema naingia tukiwa wote au siingii. Akasema sawa, usiingie, na Baba Funguo akanitania kwamba siku ya kufa kwangu nitamwambia malaika aje na wenzake.

Wengine waliingia. Kila mmoja aliulizwa maswali yale yale. Je, uliona Mama Zipu akiacha kukaa kwenye kiti chake? Ndiyo. Je, uliona mwanamke huyu akianza kukikalia? Ndiyo. Je, ulimsikia Mama Zipu akimwambia nakupa? Hapana. Ni watu waaminifu, hawakuongeza chumvi. Walijibu walichoulizwa, wakashuka ngazi wakiwa na furaha kwamba wamemsaidia Mkwe. Asubuhi iliyofuata Meneja akashuka na hukumu niliyokwambia, kwamba mmoja ameacha na mwingine amechukua, na ushahidi ni maneno ya mafundi wenyewe.

Baba Funguo aliacha tupa yake ya kuchongea funguo ikaanguka. "Nimesema kweli tupu," akasema, "na kweli yangu imemfukuza mtoto wa watu."

Mkwe hakulia. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akaanza kukusanya vichwa vya zipu kimoja kimoja ndani ya kopo. Ile milio ya vichwa vya zipu ikigonga kopo ndiyo iliyonifanya niteme misumari.

Niliokota tupa ya Baba Funguo. Nikaiweka sakafuni katikati ya ujia, nikaenda mpaka kwenye mabucha, nikarudi. Nikamwambia aiokote. Akaiokota. Nikamuuliza nini kimetokea. Akasema umeiacha, nimeichukua. Nikaichukua tena, nikamtazama, nikamnyooshea, akapokea. Na sasa?

"Sasa umenipa."

Nikamwambia anionyeshe tofauti. Mara zote mbili tupa imetoka kwangu, mara zote mbili imefika kwake. Baba Funguo aliigeuza geuza tupa kama ameandikiwa jibu juu yake. Ni mtu wa pole pole, lakini akifika amefika.

"Mara ya kwanza," akasema, "wewe ulikuwa na tupa. Halafu mimi nikawa na tupa. Mimi na wewe hatukuwa na kitu. Mara ya pili ulipoinyoosha nilikuwemo tayari, kabla hata sijaigusa."

"Basi hicho ndicho Meneja alichokitoa nje," nikasema. "Amekata kitu cha watu watatu kikawa vipande viwili vya watu wawili wawili, akaviweka mezani, akasema angalieni, havina damu."

Hapo hasira ikapata miguu. Hatukuwa na wakili, na sikutaka wakili. Tulikuwa na wateja. Baba Funguo na mimi tuligawana mji. Kila mtu ambaye begi lake liliwahi kupita kwenye mikono ile aliombwa kitu kimoja, aje sokoni asubuhi ya mwisho wa wiki na begi lake, akae kwenye ngazi za ofisi. Asipige kelele. Akae tu.

Walikuja. Nimeongoza migomo ya watu wenye njaa na wenye ghadhabu, sijawahi kuona kitu kizuri kama zile ngazi. Wauguzi na mabegi yao ya zamu, wanafunzi, mafundi bomba na mikoba ya vyuma, bibi mmoja na kipochi kidogo cha shanga, wachukuzi wa soko waliokuja bila begi lolote wakadai wao wamekuja kukaa. Ngazi zikajaa toka chini hadi mlangoni. Meneja alipofika kazini alisimama chini, akatazama juu, akatafuta pa kukanyaga. Hapakuwa na pa kukanyaga.

Aliniuliza ninataka nini. Nikamwambia sina ninachotaka mimi. Wanachotaka hawa ni kusikilizwa wakiwa wote mahali pamoja, na Mama Zipu akiwa katikati. Akasema mtu asiyeweza kusema hawezi kutoa ushahidi. Nikasema basi na atazamwe. Kutoka ngazi ya katikati yule bibi wa kipochi akamwambia, "Mwanangu, tusikilize upesi, mimi nikishakaa kuinuka ni shughuli." Watu wakacheka, na Meneja naye, maskini, akacheka. Mtu akishacheka huwa vigumu kuita polisi.

Wachukuzi walimleta Mama Zipu amekaa kwenye kigoda chake kile cha mteja, wamekiinua juu kwa mikono minne, na ngazi nzima ikajibana ukutani kumpisha. Mkwe alipanda nyuma yake ameshika ukingo wa kigoda. Mafundi tukaingia, wateja wakajaza mlango mpaka mwanga ukapungua. Dalali alikuwa ameshawasili, amesimama karibu na meza ya Meneja, suruali imeshuka chini kwa kuwa huku juu hakuna maji.

Lazima nimpe haki yake: Dalali anajua kusema. Hakutukana mtu.

"Bwana Meneja, mambo ni mepesi, watu wanayafanya magumu," alisema. "Mimi na mama ni damu. Hilo hakuna wa kulikataa. Mimi na huyu dada tulikuwa mke na mume, sasa siyo. Hilo nalo limekwisha. Sasa mama na huyu dada, kati yao kuna nini? Si damu. Si ndoa. Mtoto hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, na mimi nimetoka. Nikishatoka kimebaki nini?"

Nilifungua mdomo, Baba Funguo akanikanyaga mguu, na namshukuru, kwa sababu aliyejibu ni Mkwe, na alijibu kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani.

"Wewe ulikuwa mlango," akasema. "Mimi nilishaingia ndani zamani."

Bibi wa kipochi akapiga kofi pajani. Lakini Meneja alikuna kidevu, akasema maneno mazuri si ushahidi, na kwamba kama mama mwenyewe anaitikia kwa kichwa, basi na aulizwe. Akamgeukia. Je, mama, ulimpa huyu meza yako? Mama Zipu akaitikia kwa kichwa. Mlangoni watu wakaanza kushangilia.

Dalali akanyanyua mkono. Akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika goti.

"Mama, huyu alikuibia meza yako?"

Mama Zipu akaitikia kwa kichwa.

"Mama, sasa hivi ni usiku?"

Akaitikia. Jua lilikuwa limemulika nusu ya uso wake, naye akaitikia, huku anatabasamu kama mtu anayewakaribisha wageni.

Mlangoni mikono iliyokuwa imenyanyuliwa kushangilia ikashuka. Dalali akainuka bila furaha. Hata yeye hakumwangalia mtu. Meneja alishusha pumzi, akaanza kusema kwamba amesikitika sana. Nikajua tumeshindwa. Niliona ule mlango wa kiwanda cha ngozi, na rangi yake.

Mkwe akapiga magoti kando ya kigoda na kumfunga Mama Zipu kanga iliyokuwa inateleza mabegani. "Msimuulize tena," alisema. "Bwana Meneja, chukua meza. Nitashona barazani. Mama yangu hatafanywa kichekesho mbele ya watu kwa sababu ya mbao." Akawaambia wachukuzi wainue kigoda waende zao.

Ndipo Tarumbeta alipopenya.

Tarumbeta ni mpiga tarumbeta wa maharusi, mtu mrefu, mchelewaji wa kudumu, na begi la chombo chake huachia zipu kila msimu kwa sababu hulijazia na viatu vya akiba. Alikuwa amefika wakati huo huo. Hakusikia maswali wala hakujua tumefika wapi. Aliona Mama Zipu amekaa kwenye kigoda chake, Mkwe yuko ubavuni mwake, na kwa mteja wetu yeyote hiyo maana yake ni moja. Akainama, akamwekea Mama Zipu begi mapajani.

"Shikamoo mama. Imeniachia tena, na leo nina harusi jioni," alisema, mkanda wa begi bado uko mkononi mwake.

Nilikuwa karibu, kwa hiyo niliuona ule uso. Tabasamu la kukaribisha wageni lilitoka, na mtu akarudi. Akafumba macho. Mkono wa kushoto, ule uliobaki, ukapanda juu ya begi kama unaotafuta njia gizani, ukakuta zipu, ukaifuata polepole jino kwa jino, ukapita kona, ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo. Kidole gumba kikakaa.

Dalali alikuwa amesimama upande wa kulia kwake. Sijui kama ni mazoea ya utotoni, maana alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akipokea mabegi na kuyapanga, au alitaka tu yaishe. Alinyoosha mikono yote miwili. "Lete, mama," akasema, na mara hii hapakuwa na udalali katika sauti yake.

Mama Zipu akafumbua macho, akamtazama. Alimtazama vizuri, siyo kwa ukali. Kisha akalivuta begi likampita, akalivusha juu ya mapaja yake mwenyewe kwa ule mkono mmoja, akalinyoosha upande wa kushoto, kwa Mkwe.

Mkwe alikuwa bado amepiga magoti. Akapokea. Mama Zipu hakuachia. Akasubiri, kidole kikiwa kwenye ubovu, mpaka kidole cha Mkwe kikaja kukaa papo hapo kando ya chake. Tarumbeta alikuwa ameshika mkanda kama kawaida, anatazama saa ya ukutani. Mikono mitatu, begi moja, katikati ya ofisi ya soko, mchana kweupe.

Ndipo akaachia.

Mguu wangu ulikuwa huru sasa. "Bwana Meneja," nikasema, "tuambie ulichokiona."

"Nimeona mama ameacha begi," akaanza, "na huyu dada amelichu..." Akakwama. Alilitazama begi. Alimtazama Dalali, ambaye mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa mbele, mitupu, ameisahau hapo.

"Sema tu," nikamwambia, na nadhani nilisema kwa upole.

"Amempa," Meneja akasema.

Dalali akaishusha mikono. Akasema hilo ni begi la mpiga tarumbeta, siyo meza, na meza ndiyo inayosemwa hapa. Safari hii Baba Funguo hakunikanyaga. Alinisukuma pembeni apite yeye.

"Kijana, meza ni mbao," akasema. "Kwetu meza haitolewi mara moja. Hutolewa begi kwa begi, na umekulia chini yake, unajua. Ulichokiona sasa hivi ndicho nilichokiona miezi yote ile. Bwana Meneja aliniuliza kama mmoja aliondoka na kama mwingine alikaa. Hakuniuliza kama walikuwa wakitazamana."

Na mlangoni mtu akainua begi lake juu. Langu nalo lilipita hivyo, akasema. Muuguzi mmoja akainua lake. Na langu. Wanafunzi wakainua, mafundi bomba wakainua mikoba ikagongana vyuma, na neno likateremka ngazi, na langu, na langu, mpaka chini kabisa ambako watu hawakuona chochote kilichotokea ila walijua vizuri kinachosemwa. Bibi wa kipochi alisimama, bila kusaidiwa, apate kukiinua juu zaidi.

Meneja alisubiri mpaka kelele zikapungua. Kisha akaenda akasimama mbele ya kigoda, akamwambia Mama Zipu mwenyewe, siyo sisi, kwamba meza haikuachwa. Ilitolewa, ina mwenyewe, na ofisi haina neno. Mama Zipu akaitikia kwa kichwa. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, na mimi misumari ingekuwa mdomoni ningeimeza.

Mkwe hakuwa na nafasi ya kulia, kwa kuwa harusi ilikuwa jioni. Alitoa koleo mfukoni mwa aproni, akalilaza begi juu ya meza ya Meneja, juu ya makaratasi yake yote, akabana kichwa cha zipu mara mbili, akalifunga na kulifungua. Tarumbeta akatoa chombo, akasema anajaribu tu kama hakijaumia. Hakikuwa kimeumia. Tulishuka ngazi zile Mama Zipu yuko juu ya mabega ya wachukuzi, na tarumbeta mbele, na mabegi yanapeperushwa kama bendera za nchi ambayo haijapata jina, na nilipokanyaga ngazi ya mwisho nilitambua kwamba mdomo wangu, ambao kwa miaka haujui ila kupinga, ulikuwa unaimba.

Sasa Mama Zipu anakuja kila asubuhi. Anakaa kigodani kwenye mwanga, na kila begi lazima lipite kwake kwanza. Kazi inachelewa. Meneja aliwahi kuuliza makabidhiano haya yataisha lini, Mkwe akamjibu kwamba hatuna haraka.

Juzi Dalali alikuja. Alisimama kwenye kona ya mabucha muda mrefu, mkoba wake wa kazi umepasuka zipu, suruali imegusa maji na hakuipandisha. Alimnyooshea Mkwe. Mkwe hakuupokea, alimwonyesha kigoda kwa kidevu. Akaenda, akauweka mapajani mwa mama yake, akashika mkanda. Mama Zipu alifumba macho akaanza kutafuta, na alitafuta taratibu kuliko kawaida, na Dalali akakaa pale ameinama mpaka kidole kikasimama. Kisha mkoba ukaenda kwa Mkwe, na wote watatu wakawa wameushika.

Baba Funguo aliniashiria kutoka upande wa pili nilegeze uso kidogo, mtu amekuja mwenyewe. Nikamwambia uso wangu hauna zipu. Lakini viatu vya yule kijana vilikuwa vimeloa na soli ya kulia imeachia, nikamwambia avue.